Umeniletea Nini

Kila aliyepiga hodi siku ya Jumamosi alimwita Mama Lugano, na Tusekile alikuwa amejizoeza kuitika haraka, kabla jina halijamfika vizuri. Akichelewa kidogo tu, alianza kujiuliza huyo Lugano ni nani, na jibu alilokuwa nalo lilikuwa la kwenye karatasi za serikali: binti yake wa pekee, aliyefariki kwa homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la pili. Basi. Uso wake aliujua kwa picha ya sebuleni, kama unavyoujua uso wa mgombea udiwani ambaye hujawahi kumpa mkono.

Lugano mwenyewe alikuwa mezani.

Meza ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, Mwanjelwa, mjini Mbeya. Ukiiona hivi hivi ungedhani ni meza ya kulia ya watu wenye uwezo: mninga mtupu, viti vinne, miguu mizito. Ila mbele ya kila kiti, upande wa kushoto, palikuwa na kibao cha shaba cha ukubwa wa kiganja, na ndani ya mbao mlikuwa na utando wa nyaya nyembamba ambao Ambakisye, mwenye meza, peke yake ndiye aliyethubutu kuugusa. Mkono wa kushoto aliuchagua kwa makusudi. Wa kulia alitaka ubaki huru kurusha dadu na kushika kikombe cha chai. Ambakisye ni mtu wa adabu, na hata mitego yake ilikuwa na adabu.

"Mgeni wa leo ni mwalimu," alisema, akiwa ameinama chini ya meza na tochi mdomoni, kwa hiyo maneno yalitoka yamevimba. Akaitoa tochi. "Amehamishiwa huku kutoka Bukoba. Hana ndugu mjini, hana rafiki. Amesikia kwamba tunacheza mchezo wa hadithi, anataka kujifunza."

Tusekile aliendelea kumimina maji ya moto kwenye chupa ya chai. "Jumamosi iliyopita alikuwaje?"

Hakuna aliyehitaji kuuliza nani. Lusajo, kijana mfamasia aliyekuwa akizipangusa dadu kwa pindo la shati, alimtazama Ambakisye kwanza, kisha akajibu.

"Mlango aliufungua vizuri, Mama Lugano. Alicheka vizuri pia. Ila hakuwa na mikono. Mikono ya gauni ilikuwapo, ya kwake haikuwapo."

Tusekile alifunga chupa ya chai kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

"Nimekwambia," alisema Ambakisye, na sauti yake ilikuwa ya huruma ya kweli, jambo ambalo lilimfanya awe mgumu kuchukiwa. "Ni shati linalofuliwa kila wiki. Linachakaa. Likipata uzi mpya linashonwa, lisipopata linaisha. Leo akiweka kitu kikubwa, mwanao atakaa miezi. Asipoweka, Jumamosi ijayo tutakuta mlango uko wazi na hakuna mtu. Mkaribishe kama unavyojua."

Na kukaribisha alikujua. Hapo ndipo uchungu ulipokuwa.

*

Meza ile haikuzaliwa kwa ajili ya mchezo. Ambakisye aliitengeneza enzi zake za kufanya kazi hospitali, kwa watu waliobeba mambo mazito: ajali, mauaji, moto. Alikuwa amegundua jambo dogo. Mtu anapokumbuka kitu, hakiangalii tu kama picha. Anakifungua, anakishika, kisha anakifunga upya na kukirudisha mahali pake. Kati ya kufungua na kufunga kuna nafasi ndogo, na meza iliingia katika nafasi hiyo. Mtu alisimulia, shaba ilisikiliza kupitia kiganja, na alipomaliza, kile kitu hakikurudi kichwani. Kilibaki mezani. Walioketi naye walikiona, walikisikia, hata harufu waliipata.

Wagonjwa walipona. Tatizo likawa meza, kwa sababu hakuna fundi wala nesi aliyetaka kukaa mbele ya meza iliyojaa moto na mauaji. Hospitali ikaiondoa. Ambakisye akaipeleka nyumbani, akaisafisha, na akaanza kuuliza watu mambo mazuri badala ya mabaya. Mambo mazuri yakaungana, yakawa nchi: milima yenye ukungu, njia za kupanda, kijiji, daraja. Nchi ikataka watu wa kutembea ndani yake. Ndivyo mchezo ulivyoanza. Unakuja, unapewa mhusika, unarusha dadu, unaingia.

Tusekile alikuja mwanzoni kabisa, mwaka aliomzika mtoto. Hakudanganywa. Aliomba mwenyewe. Alikuwa hali, halali, cherehani yake imeota vumbi, na alisema achukuliwe Lugano wote, asibakizwe hata ukucha. Alipotoka alilala usingizi wa mtu aliyechimba shimo kutwa nzima. Baada ya wiki alianza kuchukizwa na usingizi ule. Akarudi kumtaka.

Ikashindikana. Pale kitu kilipotoka huziba, Ambakisye alimwambia, na palipoziba hapapokei. Angeweza kumwona Lugano akiwa mezani, mkono juu ya shaba, na wakati huo angekuwa naye mzima. Akiinua mkono, kila alichokiona kingebaki na mwanawe mezani. Wenzake waliondoka na kumbukumbu za mchezo. Yeye aliondoka na kikombe cha kuosha.

Kwa hiyo alirudi kila Jumamosi, na ili pawe na Jumamosi akawa mkaribishaji. Wageni walimpenda. Alijua kumtoa mtu woga. Alijua kuonja: mila ya nyumbani kwao kwamba mwenyeji hunywa kwanza ili mgeni aone hakuna sumu, aliihamishia mezani, akawa kila mara anaweka kitu chake kidogo kabla ya mgeni kuweka chake. Kuhusu gharama, mgeni hakuambiwa chochote mpaka ziara ya tatu. Mgeni hatishwi siku ya kwanza, ndivyo walivyosema, na siku ya tatu alikuwa tayari na kitu chake mezani, amekwama kama wao.

Kuna fundi simu mmoja, Gwamaka, aliyeweka mluzi wa baba yake. Hakurudi tena. Tusekile alimkuta sokoni akiwa na huyo baba, mzee mcheshi anayepiga mluzi akichagua viazi. Gwamaka alikuwa akimbebea kikapu kwa heshima zote, akimsemesha kama mtu anavyomsemesha mteja.

Tangu siku hiyo Tusekile hanunui viazi sokoni pale. Na tangu siku hiyo amekaribisha wengine wengi.

*

Mwalimu alifika ameloa. Mvua ya Mbeya ilikuwa imemkuta kwenye ngazi za nje, na alisimama mlangoni akikamua mtandio wake, akiomba radhi kwa kulowesha sakafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Acha sakafu, sakafu italoa na itakauka. Unaitwa nani?"

"Kokushubila. Wananiita Koku. Shuleni Mama Muta."

"Muta ndiye wa kwanza?"

"Wa kwanza na wa mwisho mpaka sasa." Alicheka, akaacha ghafla. "Nimemwacha kwa bibi yake. Uhamisho ulikuja haraka, nyumba sijapata ya maana. Mimi mama nikwambie ukweli, huu mchezo siujui. Nimesikia una sheria kama katiba."

"Unajua kusema 'mimi nafanya hivi'?"

"Hilo najua."

"Basi unajua kucheza. Mengine yote ni kurusha dadu na kulalamika."

Lusajo alicheka kutoka mezani, na Tusekile aliona mabega ya yule mwanamke yakishuka. Ilikuwa rahisi hivyo. Alimpa kanga kavu ajifunike, akamwingiza jikoni wabebe vikombe pamoja, kwa sababu mgeni anayepewa kazi hajioni tena mgeni. Haya yote alikuwa akiyafanya kwa mapenzi, na huku akiyafanya alijiona mchafu.

Jikoni Koku alitoa simu. "Subiri nikusikilizishe huyu mtu wangu. Kila asubuhi ananihesabia." Akabonyeza, na sauti nyembamba ya mtoto ikajaa katikati ya masufuria: "Mama, moja, mbili, nne." Ya bibi ikauliza kwa nyuma tatu iko wapi. "Tatu imelala," ilisema sauti nyembamba, ikiwa na hasira kidogo, kama kwamba jambo hilo linajulikana.

Koku aliirudisha simu mfukoni huku akitabasamu peke yake. "Bila hiyo, mama, mimi nisingeimaliza wiki hapa. Naipanda ile barabara ya shule naisema kimoyomoyo. Tatu imelala."

Tusekile alishika meza ya jikoni. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: mwanangu, chukua mtandio wako, nenda. Yalikuwa machache na yasingemchukua muda. Halafu akaona gauni la mtoto lenye mikono mitupu, gauni ambalo hata hakulikumbuka, alilosimuliwa tu. Alitaka kumwona. Ni hilo tu, alitaka kumwona mwanawe, na kwa hilo alikuwa tayari kunyamaza.

"Mama Lugano," aliita Ambakisye. "Chai itapoa."

"Lugano ana miaka mingapi?" aliuliza Koku wakitoka.

"Mkubwa," alisema Tusekile, na akatangulia na sinia.

*

Walimtengenezea mhusika wakinywa chai. Lusajo alimshauri awe shujaa wa upanga. Koku alisema yeye na upanga wapi na wapi, nyumbani hata kuku anachinjiwa na jirani. Mwishowe akachagua kuwa mfungua makufuli, mwanamke anayezunguka vijijini akifungulia watu milango waliyopotezea funguo.

"Kazi nzuri," alisema Ambakisye, ambaye ndiye alikuwa msimulizi. "Hapa tuna milango mingi. Mkono wa kushoto kwenye shaba. Usiuinue tukiwa katikati, tafadhali. Akiinua mmoja, meza inajifunga kwa wote."

"Ikijifunga?"

"Tunapata hasara," alisema Lusajo kwa sauti ya utani, na akamtazama Tusekile.

Hasara hiyo walikuwa nayo wote wawili. Zamani kidogo, babu yake Lusajo akiwa amefunguliwa mezani, Lusajo aliinua mkono ili akune pua. Meza ikajifunga. Wakati huohuo Tusekile alikuwa anaonja, yuko katikati ya kukumbuka jambo lake, na kichwa kilichokuwa wazi kikapokea kilichokuwa hewani. Jambo lake alirudishiwa, na juu yake akapewa mzee asiyemjua, mwenye harufu ya tumbaku, anayeshuka mlima kwenda kupalilia chai huku akimsema vibaya mwenyekiti wa kijiji. Yuko naye mpaka leo. Kuna siku Lusajo humfuata hadi nyumbani, anakaa kwenye stuli karibu na cherehani na kusema, Mama Lugano, niambie ya babu. Naye humwambia.

Walianza. Ukungu ulishuka juu ya mninga, na kwa Koku ilikuwa mara ya kwanza, kwa hiyo alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kulia na kusema "jamani" kwa sauti ndogo. Njia ya mlima ilikuwa mbele yao, na matope halisi, na harufu ya majani ya chai iliyowekwa hapo na mtu aliyekwisha kuisahau. Daraja lilikuwa limevunjika upande mmoja.

"Unafanya nini?" aliuliza Ambakisye.

"Mimi navua viatu," alisema Koku baada ya kufikiri, "navitupa ng'ambo. Vikishafika huko itanibidi nivifuate."

Lusajo alipiga meza kwa furaha. Koku akarusha dadu, ikaangukia vibaya, akateleza akining'inia kwenye kamba. Tusekile akarusha ya kwake na kumvuta kwa ukosi. Wakafika ng'ambo wakicheka kama wasichana waliotoroka kanisani. Ilikuwa furaha ya kweli. Ndiyo iliyofanya mambo yawe mabaya, kwamba ilikuwa ya kweli, na kwamba mwanamke yule alikuwa hajacheka hivyo tangu uhamisho.

Kijiji kikatokea, na nyumba ya kwanza, na mlango wa mbao uliopakwa rangi ya buluu.

"Kabla hatujapiga hodi, mwenyeji anaonja," alisema Ambakisye.

Tusekile alitafuta kitu kidogo. Vidogo vilikuwa vimebaki vichache, alikuwa amevionja karibu vyote. Akapata taa ya chemli ya bweni lao la sekondari, iliyokuwa na kioo kilichopasuka na kufungwa kwa waya. Akaisimulia. Alipofika mwisho wa sentensi alikuwa anatazama taa ya chemli iliyoning'inia pembeni ya mlango wa buluu, kioo chake kimefungwa kwa waya, na hakujua ilikuwa ya nani. Aliona ni taa nzuri.

"Umeona?" Ambakisye alimwambia Koku. "Haiumi. Piga hodi."

Koku akapiga. Mlango ukafunguka.

Na Tusekile akawa na mwanawe.

Haikuja polepole. Ilimjaa yote kwa mpigo, miaka yote, uzito wa mtoto mgongoni akipanda ngazi, joto la kichwa chake usiku wa ile homa, namna alivyokataa kuvaa soksi za rangi tofauti na namna alivyozivaa hatimaye kwa shingo upande. Lugano alisimama mlangoni kama alivyosimama kila jioni mama yake akitoka kazini, hamwangalii mtu usoni, anaangalia mfuko. Mikono ya gauni ilining'inia mitupu. Shingo nayo ilikuwa imeanza kupauka, na mlango ulionekana kupitia shingoni.

"Umeniletea nini?" alisema Lugano.

Alikuwa anamwuliza Koku. Hivyo ndivyo meza ilivyofanya kazi yake. Ambakisye hakuhitaji kuuliza maswali tena, alikuwa na mtoto wa kuuliza, na nani anamnyima mtoto anayeuliza hivyo mlangoni?

"Oo," alisema Koku, na uso wake ukalegea wote. Aliinama kidogo. "Sina kitu mkononi, mama. Lakini nina kitu kichwani. Nina mwanangu mimi, wa kama nusu yako. Anajua kuhesabu. Unataka nikwambie anavyohesabu?"

"Nataka."

"Anaanza hivi. Anakaa kwenye ngazi ya nyuma, kwa bibi, jua linampiga huku," alijigusa shavu, "na mimi nakuwa nafua..."

Tusekile aliuona ukungu ukianza kusogea kuelekea kwa Koku, taratibu, kama mifugo inavyosogelea maji. Mikononi mwa Lugano kulikuwa na kitu kinaota. Vidole. Vilikuwa vinakuja, vyeusi, vyembamba, na kucha zenye tope, alizijua kucha zile. Ilitosha anyamaze. Sentensi mbili au tatu zaidi na mwanawe angekuwa mzima.

Lakini sasa hivi alikuwa naye, na hapo ndipo alipokwama. Nje, jikoni, alikuwa anampigania mtoto asiyemjua, na kwa ajili ya mtu usiyemjua unaweza kuuza chochote cha jirani. Humu ndani alijua. Alijua kurudi kutoka kazini na kuulizwa vile maana yake nini. Alijua ni nini hasa kinachotoka kichwani mwa yule mwanamke, kwa sababu kilishatoka kichwani mwake, na alikumbuka usingizi uliofuata. Mtoto wa ngazi ya nyuma angeendelea kuhesabu kila asubuhi kwenye simu, na mama yake angesikiliza kwa adabu, kama Gwamaka.

Akimwonya, Koku angeondoka, na Lugano angeisha pale mlangoni wiki ijayo bila mtu wa kumshika mkono. Kulikuwa na njia nyingine moja, na alimwona Lusajo, upande wa pili wa meza, akimtazama kana kwamba ameifikiria wakati uleule.

"Lugano," alisema.

Mtoto aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile kumtazama mtu usoni.

"Nenda na huyu mama. Ana nyumba nzuri."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuja," alisema Tusekile, na akauinua mkono.

*

Ukungu ulikatika kama umeme unavyokatika. Mninga ukabaki mninga. Tusekile alijikuta na kiganja hewani, akijua amefanya jambo kubwa. Sababu ya kulifanya ilikuwa imeondoka. Alitafuta ndani yake na kukuta palipoziba.

Ambakisye alisimama, akapapasa shaba yake, akapapasa ya Koku, ya Lusajo. Akainama chini ya meza na kukaa huko muda mrefu. Aliposema, alisema kwa upole. "Umemtoa. Hayumo. Mama Lugano, mlango wenyewe haufunguki tena bila yeye. Umetufungia nje sote." Alikuwa analia, mtu mzima chini ya meza yake, na Tusekile alimwonea huruma na hakujuta.

Koku alikuwa hajasogea. Machozi yalimshuka bila sauti. Halafu akanyoosha mkono na kumgusa Tusekile shavuni, kama mtu anayemkuta ndugu kituo cha mabasi.

"Alikuwa na homa," alisema. "Kichwa chake. Mama, kichwa chake kilikuwa moto hivi." Akauvuta mkono wake na kuutazama. "Kwa nini nakumbuka nimemzika mtoto?"

"Muta," alisema Tusekile haraka. "Muta anahesabuje?"

"Moja, mbili, nne."

"Tatu?"

"Imelala." Koku akafumba macho. "Ipo. Ipo yote." Kisha akayafumbua, na sasa kulikuwa na hasira ndani yake. "Lakini huyu mwingine ni wako. Umenipa msiba wako, mama. Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Na uliyoyawaza mezani yamekuja naye: ulijua toka jikoni kwamba watanichukulia mwanangu. Nimekusikilizisha sauti yake, ukanimiminia chai."

"Nilijua."

Koku aliivua kanga, akaikunja vizuri juu ya kiti, akachukua mtandio wake mbichi na kushuka ngazi. Lusajo alitaka kumfuata. Tusekile alimshika shati.

*

Hakumtafuta. Hilo alijikataza. Alikaa nyumbani na cherehani na picha ya sebuleni, na watu waliendelea kumwita Mama Lugano, na aliitika. Jumamosi zilikuwa ndefu. Alizoea kuwa mfungwa wa chumba kile hata miguu yake ilimpeleka Mwanjelwa yenyewe, akajikuta chini ya ngazi, akatazama juu, dirisha limefungwa.

Koku ndiye aliyetuma ujumbe, kupitia kwa Lusajo. Ulikuwa mfupi. Analia usiku, na hana wa kumwambia, maana hakuna mtu mwingine anayemjua mtoto huyo. Halafu jina la mtaa, karibu na shule.

Tusekile alipanda kilima cha shule akiwa na mfuko wa ndizi mbivu za Tukuyu, kwa sababu huendi kwa mtu mikono mitupu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza cha saruji. Alipanga maneno njiani: atasema pole, hataomba chochote, akifukuzwa ataacha ndizi. Alipiga hodi akiwa na woga ambao hajawahi kuuona kwa mgeni yeyote ambaye yeye aliwahi kumkaribisha.

Mlango ukafunguka. Koku alisimama pale na daftari za wanafunzi kwapani. Hakumtazama usoni. Alitazama mfuko.

"Umeniletea nini?" alisema.

Sauti haikuwa ya mwalimu. Ilikuwa ya juu kidogo, yenye madai, inayopanda mwishoni kama inayosimama kwa vidole. Koku akajiziba mdomo. "Samahani, mama. Hata salamu sijatoa. Sijui imetokea wapi."

Maneno Tusekile aliyajua, Lusajo alishamsimulia mara nyingi. Sauti ndiyo hakuwa nayo. Sasa ilikuwa imemwingia sikioni akiwa amesimama barazani mchana, mkono wa kushoto umeshika mfuko wa ndizi, hakuna shaba karibu, na alipoitafuta tena kichwani baada ya kupumua aliikuta bado ipo. Akaitafuta tena. Ipo.

Akaufungua mfuko. Koku akachukua ndizi moja, akainusa kwanza kabla ya kuimenya, kisha akaikata katikati na kumpa mgeni kipande kikubwa.

"Ndaga," alishukuru Koku, Mhaya ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha Kinyakyusa, na akasogea pembeni kumpisha apite. "Karibu ndani. Utakaa kwenye kile kiti cha dirishani. Nitakwambia, lakini siwezi yote kwa siku moja."

"Nitarudi," alisema Mama Lugano.